Kukata Weldi ya Aliyenifundisha

Vijana wa gereji ya Kabiro, siku ile ya kuniaga mliniambia niandike mambo ya ekzosi na mabomba ya moshi kabla sijayasahau. Nadhani mlikuwa mnanitania, maana mtu akistaafu huambiwa mengi ya kumfurahisha na hakuna anayetarajia ayatende. Lakini hapa nyumbani Riruta sina kazi zaidi ya kumsumbua mama watoto, na yeye mwenyewe ndiye aliyeninunulia daftari ili nitoke jikoni kwake. Basi someni. Sitaandika habari za nani alipandishwa kuwa nani, kwa sababu gereji yetu haikuwa na ngazi ya kupanda ila ile ya kuchukulia vipuri kwenye rafu.

Nilianza Kibera, katika banda la mabati karibu na reli, chini ya fundi aliyeitwa Omolo. Hakuna aliyemwita Omolo. Wajaluo wenzake walimwita Jaduong', yaani mzee wa kuheshimiwa, na sisi Waluhya tukafuata, ingawa wakati huo hata mvi hakuwa nazo. Alikuwa akitengeneza sailensa kwa mikono yake, anakata bati, analikunja juu ya reli kuukuu, analichomelea, na gari lililokuja likinguruma mtaa mzima linaondoka likinong'ona. Kazi ya ekzosi haina sifa. Mtu akitengenezewa injini atatoa ushuhuda kanisani, lakini akitengenezewa ekzosi husema tu kelele imeisha, kisha anauliza kwa nini mmekawia.

Siku ya kwanza hakunipa chombo chochote. Aliweka mbele yangu vipande viwili vya bomba akaniuliza kipi kilichomelewa na yeye. Nilikisia, nikakosa. Akanifanya nikae nikitazama weldi za watu mpaka jioni, magari yakija na kwenda, na nikaenda nyumbani shingo ikiniuma. Baada ya wiki kadhaa nilianza kuona. Weldi ni mwandiko. Yupo anayerundika chuma kama uji uliofurika, yupo anayeruka mahali pagumu akitumaini masizi yataficha. Ya Jaduong' ilikuwa na mawimbi madogo yaliyolaliana sawasawa, kama mkeka wa mtu asiye na haraka. Mpaka leo naweza kuitambua nikiwa nimelala chini ya gari na tochi mdomoni.

Kwa kuwa weldi ni mwandiko, mafundi wa pale reli walikuwa na desturi ambayo ninyi mliikuta ikifa. Ukiletewa gari lenye weldi ya fundi mwingine, na ukaona haina budi kukatwa, huikati mwenyewe. Unamwita. Anakuja, analala chini ya gari, anaikata kwa mkono wake, kisha anakupa bomba uendelee. Sababu ya kwanza ilikuwa heshima, mtu asisikie sokoni kwamba kazi yake imetupwa. Ya pili ilikuwa akili. Mara nyingi aliyechomelea alijua kitu ambacho wewe hukijui, kwamba bomba limeoza kwa ndani au chuma fulani kiliwekwa pale kushikilia kingine. Jaduong' ndiye aliyeisimamia desturi hiyo kuliko wote. Niliwahi kumwona akisimamisha kazi asubuhi nzima akimngojea fundi ambaye walikuwa hata hawasalimiani. Yule mtu alikuja amenuna, akakata weldi yake, na walimaliza siku wakila dagaa wa omena kwenye sahani moja. Heshima si utumwa, alizoea kutuambia.

Sasa niwaeleze kuhusu kataliti, maana ndicho kitu mnachoniuliza zaidi. Magari yenye kataliti yalipoanza kufika kwetu kwa wingi, petroli yetu bado ilikuwa na risasi. Ndani ya ule mkebe wa kataliti kuna masega ya udongo mgumu yaliyopakwa madini, na moshi ukipita humo husafishwa sumu yake. Risasi ilikuwa ikiyaua yale madini, na injini chovu zikamalizia kwa kuyaziba masega kwa oili. Gari linakosa nguvu, sakafu inachoma miguu, mlima mdogo tu unalishinda. Jaduong' akatufundisha dawa yake. Kata mkebe, tupa, weka bomba tupu moja kwa moja. Gari lilikuwa likitoka hapo likiruka kama ndama aliyefunguliwa kamba, na mwenye gari anacheka mwenyewe. Sikubali mtu aseme Jaduong' alikuwa mjinga. Kwa petroli ile, kwa wakati ule, alichosema kilikuwa kweli.

Kisha petroli ikabadilika, ikaondolewa risasi, na yeye hakuambiwa na mtu. Mimi nilikuwa nimeshahamia Kawangware, nina sehemu yangu pale Kabiro, na nilijifunza mambo ya kataliti kwa kuharibu. Mzoea punda hapandi farasi, na hata mimi nilimpanda yule farasi kwa kuangushwa mara nyingi.

Haya ndiyo niliyookota baada ya kuanguka. Kabla ya kununua kataliti mpya, tafuta kilichoua ile ya zamani. Kama plagi hazichomi vizuri au injini inakula oili, mpya itakufa vilevile, na lawama itakuwa yako. Gonga mkebe kwa nyundo ya mpira. Ukisikia kokoto ndani, masega yamevunjika. Kama husikii kitu, legeza sensa ya mbele, kile kidude kinachopima moshi, uache moshi upumue kidogo, halafu ujaribu gari. Nguvu zikirudi, umejua kilichoziba.

Katika kuchagua, wateja wengi watawaambia wanataka ile inayopitisha moshi kwa wingi, kwa sababu binamu yao anayo. Ni nzuri, lakini ieleweni. Masega yake yana matundu makubwa na machache kuliko ya kiwandani, kwa hiyo injini haibanwi, ila usafishaji wake hupungua kidogo. Kwa hiyo usichukue ile iliyo wazi kupita kiasi, ambayo karibu ni bomba tu lenye jina zuri. Chagua inayolingana na ukubwa wa injini na upana wa bomba. Bomba kubwa kwenye injini ndogo ni kama mtoto aliyevaa viatu vya babake. Ishike mkononi uhisi uzito, kisha uielekeze juani uchungulie. Mwanga upite kwenye matundu yote sawasawa. Kuna mikebe inayouzwa hapa mjini ambayo ukichungulia unaona hadi ng'ambo bila kizuizi, maana ndani hakuna kitu.

Katika kufunga, tazama mshale kwenye mkebe. Unaelekea nyuma, unakoelekea moshi. Iweke karibu na mahali ilipokuwa ya kwanza, kwa sababu haifanyi kazi mpaka ipate moto, na ukiisogeza nyuma ili isigonge matuta ya barabara zetu, itabaki baridi safari nzima. Ngoa betri kabla ya kuwasha mashine ya weldi, la sivyo utachoma kompyuta ya gari na utahamia kijijini bila kuaga. Toa sensa zote. Shikiza kwa nukta chache kwanza, tazama kama imekaa, ndipo uzungushe weldi nzima. Weka gasketi mpya na mipira mipya ya kuning'iniza. Mwisho ziba kwa kitambaa mdomo wa nyuma wa bomba, injini ikiwa inanguruma polepole, na upake maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Kikitoa povu, rudia.

Nimeandika hayo kwa utulivu kwa sababu yanayofuata siyaandiki kwa utulivu.

Alikuja kwangu Mwalimu Rispa, mwenye shule ya chekechea pale Kabiro. Alikuwa na Noah kuukuu ya kubebea watoto wanaotoka Kibera na Riruta. Alisimama mlangoni mwa gereji akiwa bado na chaki kwenye vidole.

"Fundi, hii gari inanichanganya. Watoto wakipanda wanalala wote. Hata wale wasumbufu."

"Si hiyo ni baraka, Mwalimu?"

Hakucheka. "Wakiamka wanalia kichwa. Jana wawili walitapika. Nilidhani ni uji, nikabadilisha mpishi. Bado."

Nikalala chini ya gari. Mlango wa nyuma ulikuwa umeisha mpira wake, kwa hiyo moshi wa nyuma ulikuwa unaingia ndani wakati gari likisimama kwenye foleni. Na mahali pa kataliti palikuwa na bomba tupu. Tochi yangu iligusa weldi, nikaona mawimbi yale madogo yaliyolaliana. Haikuwa na ufa wala tundu. Ilikuwa weldi safi kuliko zote nilizoziona mwezi ule, na ilikuwa inapitisha sumu kamili mpaka kwenye pua za watoto.

Mwalimu akanieleza kwamba gari lilikuwa limekataa kupanda kilima, na Jaduong' alimsaidia siku hiyohiyo watoto wasikose shule. Nikamwambia kataliti lazima irudishwe, na asibebe mtoto hata mmoja ndani ya gari mpaka litoke kwangu. Akakubali, na kesho yake yeye na wasaidizi wake wakawatembeza watoto kwa miguu, wameshikana mikono.

Ningeweza kukata pale pale. Ninyi wakubwa wa sasa mlikuwa wageni kazini, na mmoja wenu, sitamtaja, aliniambia, "Fundi, kata tu. Huyo mzee wa Kibera atajulia wapi?" Nikamwambia anyamaze. Aliyenipa mikono hii alikuwa hai na alikuwa na simu. Nikampigia.

"Jaduong', habari ya huko?"

"Mvua tu na matope. Uko wapi?"

"Niko Kabiro. Iko Noah ya shule hapa. Ina weldi yako."

"Ya yule Mwalimu. Imepasuka?"

"Haijapasuka. Weldi iko sawa kabisa."

"Sasa unanipigia ya nini?"

"Anataka kataliti irudi. Watoto wanaumwa na kichwa ndani ya gari."

"Wekesa," akasema, na nikajua ameudhika kwa sababu kwa kawaida aliniita Weke, "hizo vitu nimetoa kabla hujaota ndevu. Hakuna mtoto alikufa. Umeangalia rubber ya mlango?"

"Nimeangalia. Nitaweka ingine. Lakini haitoshi, Jaduong'."

"Mimi siji."

Simu ikakatika. Nilikaa juu ya gurudumu nikiitazama kama iliyoniuma. Katika miaka yote sikuwahi kusikia fundi akiitwa akakataa, na huyu ndiye aliyetufundisha kuitika. Siku ile niliitumia kutafuta kataliti inayofaa injini ile, nikairudisha moja dukani kwa sababu ilikuwa nyepesi kama kopo la maziwa, nikapata nyingine nzuri. Jioni nikampigia tena. Hakushika.

Asubuhi iliyofuata tulimwona anaingia langoni kwa miguu kutoka Kibera, amevaa shati lililopigwa pasi, miwani yake ya weldi ndani ya mfuko wa karatasi. Nyote mliacha kazi mkasimama kutazama, na mwenye kuosha magari wa jirani akaja, na madereva wawili waliokuwa wakingoja. Mwalimu Rispa naye alikuwa amefika kuulizia gari lake.

"Jaduong', usikasirike," Mwalimu akamwambia. "Ulinisaidia siku ile. Hii gari ilikuwa imenikataa."

Akamtazama. "Wanalala kweli?"

"Wanalala."

"Wote?"

"Wote. Mimi nilikuwa nafurahi. Nilikuwa nawaambia wazazi, watoto wangu wana nidhamu hadi kwa gari."

Jaduong' akatandika gunia, akalala chini ya gari taratibu kwa sababu magoti yake yalikuwa yameanza kumkatalia, akaomba tochi. Alikaa akiitazama weldi yake kwa muda mrefu sana. Kisha akaomba grainda ya kukatia chuma. Cheche zikaruka, na watu wote wale wamesimama wakitazama. Alipotoka alikuwa na bomba mkononi. Akanikabidhi kama desturi inavyotaka, kwa mikono miwili.

Nikampa kataliti mpya aione, kwa sababu nilitaka kumfurahisha. Akaigeuzageuza, akaielekeza juani, akachungulia.

"Hii inapumua," akasema.

"Hizi za siku hizi zinapumua. Na petroli siyo ile ya zamani, haina risasi. Haziuliwi."

"Tangu lini?"

Nikamwambia ni miaka mingi. Nilimwona akirudi nyuma kwa mawazo, akihesabu, na kila gari lililopita kwake tangu petroli ibadilike lilikuwa likipita usoni mwake. Sijawahi kuona mtu akizeeka amesimama hivyo.

Nikamwambia, "Choma wewe, Jaduong'. Mkono wako ni mzuri kuliko wangu." Nilimaanisha. Akaisukuma kataliti kwangu polepole.

"Hiyo siijui. Choma wewe."

Nilichomelea, naye akakaa juu ya gunia lake akinitazama kama mimi nilivyomtazama siku yangu ya kwanza. Tulipaka sabuni, hakuna kiungo kilichotoa povu. Tukabadilisha mpira wa mlango. Mwalimu alipoondoka na gari lake, nilimsindikiza Jaduong' mpaka barabarani.

"Ungekata tu, Weke," akasema.

"Desturi ni yako, Jaduong'. Wewe ndio ulitufunza."

"Najua ni yangu. Ungekata tu."

Watoto wa Mwalimu Rispa waliacha kulala garini. Alinijia baada ya muda akilalamika kwamba sasa wanapiga kelele mpaka dereva anaomba likizo, na akacheka, nami nikacheka naye. Jaduong' hakurudi tena kwenye banda lake. Vyombo vyake aliwagawia majirani. Lakini hakukaa nyumbani. Watu wakaanza kufika kwangu wakisema kuna mzee aliyewasimamisha, mmoja nje ya kanisa, mwingine sokoni, akainama kuchungulia chini ya gari lao na kuwaambia wakaweke kataliti kwa Wekesa wa Kabiro. Wengi walimcheka. Mmoja alinieleza kama kichekesho: "Ni yeye aliyeniondolea, sasa ni yeye ananiambia nirudishe. Huyo mzee ako sawa kweli?" Nilimjibu kwamba yuko sawa kuliko mimi na yeye, kisha nikaingia ndani ya gari lake nikijifanya natafuta kitu, kwa sababu macho yalikuwa yamenijaa.

Kwa kila gari lililokubali kuja nilimpigia simu. Hakuja tena. Alikuwa akishika, ananiacha niseme ni gari gani, kisha anasema neno moja, "Kata," na kukata simu. Baadaye alirudi kwao ziwani, na baadaye zaidi namba yake ikawa haipatikani. Habari za mazishi yake zilinifikia yakiwa yamepita.

Sijuti kuweka ile kataliti. Mkiniletea gari lile leo nitafanya hivyohivyo. Wala sijuti kumwita, maana kumkatia kimyakimya kungekuwa kumwona kama amekufa. Ninachojuta ni kitu kidogo sana, na kimenikalia kifuani miaka yote hii. Desturi ilisema fundi aitwe. Haikusema lazima afike kwako, kwenye ua wako, mbele ya vijana wako, mwosha magari na madereva wawili. Mwenye magurudumu ni gari, si mzee. Ningelipeleka mwenyewe Kibera, nikaliegesha kwenye banda lake, nikamwambia polepole mambo ya petroli tukiwa wawili, naye akakata nyumbani kwake bila mtu kumtazama. Wazo hilo halikunijia kichwani. Nilikuwa na haraka ya kuonyesha kwamba namheshimu.

Basi hili ndilo ombi langu, na mengine niliyoandika mkiyasahau si neno. Weldi zangu zimetapakaa kwenye magari ya Kawangware na Kibera, na kwa hakika kati yao zipo zilizokuwa sawa zamani na leo si sawa, kwa jambo jipya ambalo sijaambiwa. Mtazikuta. Mnaujua mwandiko wangu. Msizikate kimyakimya, na msiniite nije hapo gereji. Nileteeni gari hapa Riruta, asubuhi, mtu mmoja tu. Mnieleze kilichobadilika, kisha mnipe grainda. Na nikishamaliza kukata, msiharakishe kuniambia nitoke chini ya gari.